Umeme wa Jua Kwetu Kishapu: Tunachangia Nini Hasa?

Maelezo ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu, Dar es Salaam



Kwa kawaida Kamati ya Fedha husimama mwisho, harufu ya pilau ikiwa imeshaingia ukumbini na watu wakitafuta mlango kwa macho. Safari hii tumeomba tusimame mwanzo. Kiasi tunachokuja kuwaomba ni kikubwa kuliko chochote tulichowahi kuchangishana, na sehemu yake moja imeshazua maneno kwenye kundi letu la simu. Tumeona ni heri tuyazungumze hapa, tukitazamana, kabla hamjajaza fomu za ahadi.

Wengi wenu mlikwenda nyumbani Desemba. Mliopita upande wa Talaga mmeuona mradi wa Ngunga. Pale kwenye mbuga yetu ya udongo mweusi, tulikozoea kuona ng'ombe na mashina ya pamba, TANESCO wana kituo cha umeme wa jua. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2023 na kampuni ya Sinohydro ya China, na fedha ni mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mpango wote ni megawati 150. Awamu ya kwanza ni 50, ya pili 100. Ndio mradi wa kwanza wa jua wa ukubwa huo kuingizwa kwenye gridi ya Taifa, na umewekwa wilayani kwetu kwa sababu ya kitu kilekile ambacho babu zetu walikilalamikia: jua kali na mvua za kubahatisha. Tuna haki ya kujivunia.

Sasa tutoke Ngunga twende kwenye kata yetu. Juu ya bati la zahanati kuna paneli 8 za sola. Ziko pale tangu Oktoba 2018, zilinunuliwa na umoja huu, na picha yake ilikuwa kwenye jalada la kijarida hikihiki mwaka uliofuata. Kwa zaidi ya miaka mitatu sasa paneli hizo haziwashi taa hata moja. Usiku, mama akija kujifungua, muuguzi anashika simu kwa meno ili mwanga umulike mikono yake. Hatukuhadithiwa hilo. Wajumbe wetu wawili walilala pale mwezi Machi na wakaliona.

Tunaomba mtuvumilie tuwaeleze ilikuwaje, kwa sababu sisi ndio tuliosaini hundi.

Mwaka 2018 mradi wa zahanati ulitugharimu shilingi 13,400,000. Leja inaonyesha hivi: paneli 8 za wati 250 kila moja, 3,200,000, betri 8, 4,400,000, inveta na kidhibiti chaji, 2,300,000, nyaya, fremu, swichi na taa, 1,500,000, ufundi na usafiri, 2,000,000. Kila senti ina stakabadhi. Mkaguzi alizipitia hesabu akasema ni safi, na kweli zilikuwa safi. Hakuna aliyekula chochote.

Kosa lilikuwa kwenye kitu ambacho hakikuandikwa. Paneli nzuri hudumu miaka 25 na zaidi. Betri za asidi za aina tuliyonunua hudumu miaka 3 hadi 5, tena zikitunzwa vizuri. Maana yake theluthi moja ya fedha zetu ilikuwa na umri wa mtoto wa chekechea, na sisi tuliandika mradi mzima kama jengo: umekwisha, umezinduliwa, umekabidhiwa. Wahasibu tulikuwepo ndani ya kamati. Kazini kwetu kila mwaka tunakokotoa uchakavu wa magari, kompyuta, hata viti. Kwa mali ya nyumbani tulisahau somo letu wenyewe.

Betri zilianza kuchoka mwanzoni mwa 2021, kabla hata ya miaka mitatu kwisha. Fundi alipozipima alitueleza sababu. Mfumo ulipimwa kwa taa, redio na kifaa kimoja au viwili vya maabara. Lakini waya ulivutwa hadi nyumba ya mtumishi, ikaingia televisheni, ikaja friji ya vinywaji, halafu ikaanza biashara ya kuchaji simu, shilingi 300 kwa simu. Betri ya asidi ikikamuliwa hadi chini kila usiku inakufa mapema. Hakuna maajabu hapo.

Hatukusudii kumlaumu mtumishi. Aliletewa umeme bila maelezo, kwenye kijiji ambacho hakuna mwingine mwenye umeme. Nani angewafukuza majirani? Ila tulipokaa na kalamu, tukakuta jambo lililotunyima usingizi. Betri 8 za 4,400,000, ukizigawa kwa miaka 4, ni 1,100,000 kwa mwaka, yaani kama 92,000 kwa mwezi. Simu 10 kwa siku kwa shilingi 300 ni 3,000, na kwa mwezi ni 90,000. Biashara ileile iliyoziua betri ingeweza karibu kuzinunua upya, kama kungekuwa na daftari moja na kopo moja lenye kufuli. Na kama simu zisingechajiwa kabisa, sisi wanachama 140 tungetoa shilingi 660 kila mmoja kwa mwezi. Soda.

Mwaka huohuo wa 2021 kamati ya zahanati ilituandikia barua kuomba betri mpya. Tukajibu kwamba bajeti ya mwaka ilikuwa ya madawati. Barua hiyo tunayo kwenye faili, na majibu yetu pia.

Sasa, tumeulizwa swali la haki: kama sola ilitushinda, kwa nini tunairudia? Kuna ndugu yetu ameandika kwamba nchi sasa ina bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, kwamba REA wamemaliza vijiji, na kwamba kununua sola leo ni kununua mkokoteni siku ya kuzindua treni.

Tumelichukua swali hilo kwa uzito. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kazi iliyobaki ni vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Kijiji chetu kimo kwenye hesabu ya vilivyofikiwa, na si uongo. Transfoma ipo, iko karibu na mnada, na waliojenga jirani nayo waliunganishwa kwa shilingi 27,000. Zahanati iko kitongoji kingine, kilomita 4 kutoka pale, na kisima cha umoja kiko mbele yake kidogo. Nguzo zitafika. Hatujui ni mwaka upi, na mama mjamzito hawezi kuahirisha.

Kuna jambo la pili. Mwishoni mwa 2022 na tena mwishoni mwa 2023 sote hapa Dar tulikaa na ratiba za mgao. Wenye sola yenye betri nzima hawakuuliza zamu yao ni lini. Hata nguzo zikifika kesho, zahanati yenye betri zake itabaki na taa ya chumba cha kujifungulia wakati gridi imezima. Kwa hiyo fedha tutakayoweka haitatupwa siku LUKU itakapofungwa ukutani.

Kuhusu bei, mambo yamebadilika sana, na hapa inabidi tutazame nje ya wilaya kidogo, kwa sababu bei ya paneli tunayolipa Kariakoo haipangwi Kariakoo. Katika miaka 10 kuanzia 2010 bei ya paneli duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80, kwa sababu ya viwanda vya China hasa. Ndiyo maana majirani zetu wote wamejenga. Rwanda walianza mapema, mwaka 2014, megawati 8.5 pale Rwamagana. Uganda wakafuata na Soroti mwaka 2016, megawati 10. Kenya wana Garissa, megawati karibu 55, tangu 2019. Burundi, ambao kwa miaka mingi hawakuwa wameongeza kituo cha maana, walifungua Mubuga mwaka 2021, megawati 7.5.

Katika hiyo yote, uliotugusa ni wa Rwamagana. Paneli zile ziko kwenye ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozi-Shalom, kilichoanzishwa kwa ajili ya watoto walioachwa yatima na mauaji ya kimbari na matatizo mengine. Kijiji hakikuuza ardhi. Kiliikodisha, na kodi inasaidia kuendesha kituo. Yaani jua linawaka, na kila mwaka kuna fedha inayoingia kulipia matunzo ya watoto. Hatuna megawati 8 za kujenga, lakini mpangilio ule wa kuhakikisha mali inarudisha kitu cha kuitunzia ndio uliotukosa mwaka 2018.

Upande wa sera, kanda yetu imekuwa na nia njema lakini mkono unaotetemeka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali lake la Tano, inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa maalumu vya umeme wa jua na upepo. Sheria yetu ya VAT ya 2014 iliweka paneli za sola kwenye orodha ya vitu visivyotozwa kodi hiyo, na VAT yetu ni asilimia 18, kwa hiyo si msamaha mdogo. Lakini kila mwaka Juni zinasomwa bajeti, Dodoma, Nairobi na Kampala, na kila Julai mosi zinaanza sheria mpya za fedha. Kenya ndio mfano mzuri, au mbaya, wa yanayoweza kutokea. Mwaka 2013 walileta sheria mpya ya VAT iliyogusa sola, mwaka uliofuata wakairudishia msamaha. Mwaka 2020 wakauondoa tena, katikati ya korona, wakati watu hawana fedha. Mwaka 2021 wakaurudisha. Mfanyabiashara aliyeagiza kontena Mei na aliyeagiza Agosti waliuza kitu kilekile kwa bei mbili.

Mnaofanya biashara ya mipakani mnajua upande wa pili wa jambo hili. Paneli haina kazi nyingine duniani zaidi ya kukaa juani, kwa hiyo forodhani haina maneno mengi. Betri, waya, hata baadhi ya inveta zinaweza kutumika kwenye gari, kwenye ofisi, popote. Hapo ndipo afisa wa forodha anapouliza maswali, na ana haki ya kuuliza. Kwa mnunuzi mdogo kama sisi matokeo ni kwamba kitu kinachodumu miaka 25 ndicho kilichoshuka bei sana na kusamehewa bila ubishi, na kitu kinachokufa baada ya miaka 4 ndicho chenye bei ya kuyumba. Ongezeni dola. Mwaka 2023 tulikuwa tunaihesabu kwa shilingi 2,300 na kitu. Mwaka uliofuata ikapita 2,600, na kuna wiki ambazo benki haikuwa nayo ya kuuza. Betri zote hutoka nje. Ukisubiri mpaka ya zamani ife ndipo uanze kuchangisha, unanunua kwa bei ya siku hiyo, vyovyote itakavyokuwa.

Mfano mmoja zaidi, halafu tuje kwenye fedha. Wenzetu wa kisiwa cha Ukara, kule Ukerewe, walipata gridi ndogo ya sola mwaka 2016, iliyojengwa na kampuni binafsi. Kanuni zetu zilikuwa zimefungua mlango tangu 2008: mzalishaji wa chini ya megawati 1 hahitaji leseni. Ilikuwa sera nzuri na majirani waliisifu. Bei ya uniti kwenye gridi ndogo kama hizo ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya TANESCO, kwa sababu mwenye mtambo analipia betri na mkopo kutoka kwa wateja mia chache. Mwaka 2020 serikali ikaelekeza wananchi wa vijijini walipe shilingi 100 kwa uniti, pamoja na wanaohudumiwa na kampuni binafsi. Tunamwelewa mvuvi wa Ukara aliyeshangilia. Kwa nini alipe kuliko mtu wa Masaki? Na tunamwelewa aliyekopa kujenga, ambaye betri zake hazikushushwa bei na agizo. Sisi hatuendi kuamua nani alikuwa na haki. Tunalichosoma ni kwamba bei isiyobeba uchakavu lazima mtu mwingine aibebe, serikali, mfadhili au mwenye mtambo, na kama hakuna aliyekubali kuibeba, taa zitazimika zenyewe bila kumwuliza mtu. Zahanati yetu bei ilikuwa sifuri.

Sasa ombi lenyewe. Ni shilingi 46,000,000, kwa kazi mbili, kisima na zahanati.

Kisima tulichimba mwaka 2015 na maji ni mengi na hayana chumvi. Pampu inaendeshwa na jenereta ya dizeli. Kwa siku inakunywa lita 6, na kwa bei ya karibu shilingi 3,000 kwa lita ni 18,000 kwa siku, au 540,000 kwa mwezi. Kijiji hakiwezi, kwa hiyo pampu inawashwa siku mbili kwa wiki na siku nyingine akina mama wanarudi kwenye malambo pamoja na ng'ombe. Tunapendekeza pampu ya sola yenye paneli 12 za wati 550 na kidhibiti chake, 14,500,000, pamoja na mnara na tangi la lita 10,000, 9,000,000.

Mtaona pale hakuna betri. Hatukusahau. Pampu inavuta maji jua likiwaka, tangi linayatunza, na usiku bomba linatoa maji kwa uzito wake tu. Tangi ndilo betri, na tangi la plastiki halichoki kwa miaka mingi wala halipandi bei kwa dola kama betri. Fundi mmoja alituletea profoma yenye betri 16 kwa ajili ya pampu hiyohiyo. Tulimshukuru, tukaiweka kwenye faili la profoma zilizokataliwa, ambalo mnaruhusiwa kulisoma.

Zahanati tutatumia 10,700,000. Paneli za zamani fundi amezipima: 7 zinatoa umeme kama kawaida, moja kioo chake kimepasuka kwa jiwe la watoto waliokuwa wanawinda ndege. Hatununui paneli. Tunanunua betri 2 za lithiamu za 3,500,000 kila moja, ambazo zikitumika vizuri hudumu miaka 10 hivi na zina kinga ndani ya kujizima kabla hazijakamuliwa kupita kiasi. Inveta mpya, 2,500,000. Na kupanga upya nyaya, 1,200,000. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Kutakuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya chumba cha kujifungulia, taa za wodi na vifaa vya maabara, na haitakatwa. Ya pili ni ya nyumba ya mtumishi na meza ya kuchaji simu, nayo itajizima yenyewe betri zikifika nusu. Televisheni itazima katikati ya mechi, watu watanuna, na mtoto atazaliwa kwenye mwanga.

Ufundi, usafiri na vibali ni 3,800,000.

Jumla ya hayo yote ni 38,000,000. Zinabaki 8,000,000, na hizi ndizo zilizoleta maneno. Tumeziandika kwa jina la Mfuko wa Uchakavu. Hazitanunua kitu chochote mwaka huu. Zitakaa kwenye akaunti ya muda maalumu, kwa saini tatu, moja ikiwa ya mwenyekiti wa kamati ya zahanati kule nyumbani, na hazitaguswa isipokuwa kwa kubadilisha betri, inveta au pampu. Siyo rangi, wala kalenda, wala nauli ya wajumbe.

Tumesoma mliyoandika. Mmoja wenu alisema ni fedha za kulala wakati watoto wanakaa chini. Mwingine akasema mfadhili anataka kuona kitu, na akaunti ya benki haipigwi picha. Mwingine, tunamheshimu sana na yuko humu ukumbini, aliuliza kama kamati inajitafutia mtaji. Swali la mwisho ni la haki kabisa, na ndiyo maana ya saini ya tatu na ya taarifa ya benki itakayochapishwa kwenye kijarida hiki kila mwaka, ukurasa mzima, hata kama haisomeki kwa raha.

Kwa yale mawili ya kwanza, tulijiuliza kama tungeweza kupunguza hadi 3,000,000 ili amani iwepo. Tukapiga hesabu upya. Betri mbili kwa bei ya leo ni 7,000,000. Bei ikitulia, faida ya benki pamoja na makusanyo ya nyumbani yatafanya mfuko ukue. Ikipanda kwa dola kama ilivyopanda, 8,000,000 itakuwa inatosha kwa kubana. Milioni 3 ingetununulia betri moja isiyokamilika, na barua nyingine ya kuomba, ambayo wakati huo huenda bajeti ya mwaka ikawa ya kitu kingine. Tulishindwa kupunguza. Tukaona badala yake tuwaambie waziwazi kwamba kama mkutano unataka ombi la 38,000,000 bila mfuko, sisi tunashauri mradi wa zahanati uahirishwe na tujenge kisima peke yake, kwa sababu kisima kinaweza kujitunza na zahanati haiwezi. Hilo mtalipigia kura alasiri.

Makusanyo ya nyumbani tunayosema ni haya. Maji yatauzwa kupitia chombo cha watumia maji kilichosajiliwa RUWASA, shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20, na wazee wasiojiweza na shule watachota bure. Simu zitachajiwa mchana tu, jua likiwaka, kwa shilingi 300 ileile waliyoizoea, na daftari litakaa kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye amekubali kazi hiyo kwa sharti moja: tumletee daftari lenye jalada gumu, kwa sababu yale mengine huliwa na mchwa. Daftari limeshanunuliwa. Shilingi 4,500, vocha namba 1 ya mradi.

Mafundi watatu wametoa profoma na zote zinaisha muda Juni 30. Tumeeleza juu ya Julai mosi, kwa hiyo mtaelewa kwa nini fomu ya ahadi ina tarehe mbili: fedha itakayoingia kabla ya Juni 15 itanunua vifaa, itakayoingia baadaye itaenda moja kwa moja kwenye Mfuko wa Uchakavu. Wenye kutaka kulipa kwa awamu wanaruhusiwa, kuanzia 20,000 kwa mwezi. Walioko nje ya nchi walipe kwenye akaunti ya benki, siyo kwenye simu ya mjumbe, hata akiwa ndugu wa damu.

Fomu ziko kwenye meza karibu na mlango, pamoja na leja ya 2018, barua ya zahanati ya 2021 na majibu yetu. Tutakaa hapo mpaka chakula kiishe.